Kabla Hujauza Kompyuta Kuukuu

Paliondokea mama mmoja Magongo, Mombasa, mwenye saiba ya chumba kimoja kando ya barabara, pale trela za makontena zinapopishana usiku na mchana. Kisa chake ni cha mfano. Nimekisuka kwa mambo yanayowapata watu wengi, ndiyo maana mwenyewe hana jina. Lakini mashine, programu na tarehe zilizomo ni za kweli, na mtego ulionasa mguu wake bado umetegwa.

Mama huyu alikuwa na kompyuta moja tu, HP EliteBook 840 G3 aliyoinunua mtumba. Mchana ilikaa saiba. Jioni aliibeba nyumbani, watoto wakafanyia kazi za shule, naye akaandikia hesabu za chama. Kwa mashine hiyo aliwajazia watu fomu za huduma za serikali za eCitizen na za mikopo ya elimu ya HELB, akawapelekea marejesho ya kodi kila Juni ilipokaribia kwisha, akawachapishia barua za kuombea kazi. Ila kazi iliyomlisha hasa ilikuwa ya Microsoft Publisher: kadi za harusi, risiti za vikundi na programu za mazishi. Magongo ni mtaa wa watu waliotoka kila pembe, na mtu akifariki mara nyingi husafirishwa bara akazikwe kwao. Safari hiyo haiondoki bila kijitabu chenye picha ya marehemu, wasifu wake na ratiba ya ibada. Mama alikuwa na violezo vyake mwenyewe, alivyovitengeneza mwaka baada ya mwaka. Mteja akija na picha na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, saa mbili hazipiti, kazi imekwisha.

Kisha mashine ikaanza kuzeeka. Uzee wa kompyuta ni wa namna mbili, na yafaa kuzitenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti. Kuna uzee wa vyuma: betri inakufa, feni inapiga kelele kwa vumbi la barabara, mashine inachelewa kuwaka. Huu mara nyingi hutibika. Diski ya zamani ile inayozunguka ikitolewa na kuwekwa SSD, na RAM ikaongezwa, mashine ile ile huchangamka kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyingine. Na kuna uzee wa programu, ambao fundi wa vyuma hana dawa yake. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama kawaida, na hapo ndipo wengi walipojidanganya. Kilichokoma ni viraka vya usalama kwa asiyejiandikisha kuendelea kuvipata. Tundu lolote litakalogunduliwa baada ya tarehe hiyo hubaki wazi, na mwenye saiba ndiye anayeingiza humo nywila na namba za vitambulisho za mtaa mzima.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, nayo haipokei kila mashine. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa mashine chache, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye. 840 G3 ya mama ni ya kizazi cha 6. Nduguye mdogo, 840 G5, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8, naye akiwa nacho anapokelewa. Jambo hili halihitaji mtaalamu. Ukifungua ukurasa wa taarifa za mfumo utaiona namba ya prosesa: i5-6300U huanza na 6, i5-8350U huanza na 8. Namba hiyo ya kizazi ndiyo inayoamua kama mashine ya mtumba utakayonunua ina miaka mbele yake kwa Windows au imekwisha safari.

Mama hakuelezwa haya. Alichoona ni tangazo kwenye skrini kwamba muda wa Windows 10 umekwisha, akaingiwa na hofu. Jumamosi moja akaja mtoto wa kaka yake, kijana anayefanya kazi mjini, na mkobani ana Mac yake.

"Shangazi, achana na huo mkebe," akasema. "Watu wa kazi za picha wote wanatumia Mac. Haikwami, wala haisumbuliwi na virusi."

"Na kazi zangu zitafunguka, mwanangu?"

"Kila kitu kitafunguka, shangazi."

Jibu hilo la mwisho ndilo kiini cha kisa. Kijana hakuwa mwongo. Alimpenda shangazi yake na alisema alivyoamini. Lakini hakuwahi kuifanya kazi ya shangazi yake hata siku moja, na shangazi naye hakumwambia, "Hebu lifungue faili hili hapa, nilione." Wiki hiyo hiyo EliteBook ikauzwa, akiba ya chama ikaongezwa juu, ikanunuliwa MacBook Air ya 2017. Mafaili yote alikuwa ameshayahamishia kwenye diski ya nje.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Mashine ilikuwa nyepesi na skrini ilikuwa safi. Kurasa za eCitizen zilifunguka bila shida, kwa kuwa kazi ya kivinjari huenda vilevile kwenye mfumo wowote. Mama akadhani ameshavuka.

Alhamisi moja jioni ikaja familia iliyofiwa. Maiti ilikuwa iondoke mochari alfajiri. Walikuwa wateja wake wa zamani. Walimtolea kijitabu alichowatengenezea walipomzika baba yao, wakasema wanataka cha mama kifanane na kile. Akachomeka diski, akalitafuta faili la baba. Likaonekana, ila alama yake ilikuwa karatasi nyeupe tupu. Alipobonyeza mara mbili, mashine ikamjibu kwamba haina programu ya kulifungulia. Akaenda kutafuta Publisher aisakinishe, na hapo ndipo alipojua kwamba Microsoft inazo Word, Excel na PowerPoint za Mac, lakini Publisher ya Mac haipo, wala haipo ya kutumia kwenye kivinjari.

Kijana akapigiwa simu. Akamwelekeza apakue LibreOffice, kwa sababu inajua kusoma mafaili ya Publisher. Bando likaisha katikati, likanunuliwa jingine. Saa mbili usiku faili likafunguka, na mama akatamani lisingefunguka: picha ya marehemu ilikuwa imesogea ikafunika nusu ya jina lake, herufi zilikuwa zimebadilika, na ratiba ya ibada ilikuwa imemwagikia ukurasa wa pili. Akaanza kurekebisha kipande baada ya kipande. Alipotaka kuihifadhi kazi kwenye diski ya nje, aipeleke kwa jirani mwenye printa ya rangi, diski ikakataa. Ilikuwa imeandaliwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, na Mac husoma NTFS lakini haiandiki ndani yake mpaka iongezewe programu ya pembeni. Ilipofika saa tatu na nusu, familia ikaomba karatasi zake, kwa adabu kabisa, ikatoka kwenda kutafuta saiba nyingine Changamwe.

Baada ya hapo akaja mteja mwenye marejesho ya kodi ya nyuma. Fomu ya Excel ya KRA, mamlaka ya kodi, huendeshwa na macro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe. Unaijaza, unabonyeza kitufe cha kuihakiki, nayo inakutolea faili la kupandisha kwenye iTax, tovuti ya kodi. Macro zilizoandikiwa Excel ya Windows mara nyingi hazitembei sawasawa kwenye Excel ya Mac. Huyo naye akaenda zake.

Lililouma zaidi alilijua mwisho. Alihama ili apate viraka vya usalama. Lakini MacBook Air ya 2017 haipandi zaidi ya macOS Monterey, ya mwaka 2021, na Monterey ilipata viraka vyake vya mwisho mwaka 2024. Yaani alikimbia mfumo ulioachwa Oktoba 2025 akahamia kwenye mfumo uliokuwa umeachwa kabla yake. Aliruka majivu, akakanyaga moto.

Hapa nataka niseme kwa uwazi: Mac si kompyuta mbaya. Wapo wahariri wa video na watu wa muziki ambao mkate wao unatoka humo. Tangu Novemba 2020 Apple imekuwa ikiziweka chipu zake yenyewe, kuanzia M1, na macOS Tahoe ya Septemba 2025 ndiyo ya mwisho kupokea Mac za Intel. Anayetaka Mac ya mtumba, basi aanzie M1, asirudi nyuma. Kosa halikuwa chapa ya kompyuta. Kosa lilikuwa kuuliza "Mashine gani ni nzuri?" mahali palipopaswa kuulizwa "Kazi zangu ni zipi, na ni wapi zitafanyika?"

Kulikuwa na kosa jingine ambalo mama hakulihisi kabisa. EliteBook aliiuza baada ya kufuta mafaili tu na kumwaga takataka. Kufuta kwa namna hiyo huondoa jina la faili, lakini yaliyomo mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka yaandikiwe juu, na mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuyatoa. Humo mlikuwa na skani za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na namba za PIN za majirani zake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na saiba ya chumba kimoja nayo inashika taarifa za watu. Kompyuta ya namna hiyo haiuzwi mpaka diski isafishwe yote, au itolewe ibaki na mwenyewe.

Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi mzee mmoja, karani mstaafu, mwenye mashine ya kizazi kile kile cha 6. Yeye naye aliliona tangazo lile lile. Hakukimbia. Alichukua daftari akapiga mistari, akapata safu tatu: kazi, programu inayoifanya, na faili moja la mfano. Akaandika barua za ukoo, Word. Hesabu za chama cha kuzikana, Excel isiyo na macro. Simu za video na wajukuu walioko ng'ambo, kivinjari. Kuchapisha, printa yake ya zamani. Kuskani, printa hiyo hiyo. Orodha yake ilijaa nusu ukurasa.

Kisha akamwomba kijana wa jirani amwekee Linux Mint, mfumo huria, kwenye flashi. Linux ina fadhila hii kubwa: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukaitumia, na Windows yako ikabaki kwenye diski bila kuguswa. Wengi hawalijui hilo. Kwa siku kadhaa mzee alipita mstari baada ya mstari wa orodha yake. Barua zikafunguka kwa LibreOffice. Hesabu zikajumlisha sawasawa, akazilinganisha na daftari la mkono. Video ikaenda. Printa ikachapisha, ila skana yake ikagoma. Mzee akauwekea alama ya mkasi mstari huo, akafikiri, akaona kwamba kuskani anakofanya mara chache kwa mwaka anaweza kukufanya kwa simu. Ndipo alipoamua. Alinunua SSD, akaitoa diski ya zamani ikiwa na Windows yake na mafaili yake kama yalivyo, akaifunga kwa karatasi akaiweka kabatini. Akasakinisha Linux Mint 22 kwenye SSD, ambayo itahudumiwa mpaka 2029. Mzee alihama mfumo bila kununua kompyuta, na njia ya kurudi alibaki nayo.

Programu hizi huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice aliyoitumia mzee ni mzao wa OpenOffice hiyo. Lakini hata huku si kwa kila mtu. Jiji la Munich nchini Ujerumani lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi iliyochukua karibu miaka kumi, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Palikuwa na siasa ndani yake, na palikuwa pia na programu za idara ambazo hazikuwa na toleo la Linux. Jiji lenye fedha na mafundi lilikwama palepale alipokwama mama wa Magongo.

Tazama basi: mama alihama, akapotea. Mzee alihama, akafaulu. Majirani wawili, mashine mbili za kizazi kimoja, tangazo moja. Kilichowatenganisha ni ile orodha.

Laiti mama angeiandika, Publisher ingesimama juu ya ukurasa, na jibu lingekuja lenyewe. Angebaki na G3 yake kwa muda. Microsoft imetoa nafasi kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 kuendelea kupata viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, ama bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, ama kwa dola 30. Mwaka huo angeutumia kuweka akiba ya G5 au ya mashine nyingine ya kizazi cha 8 kwenda juu, na kuyahamisha mafaili yake bila presha ya mfiwa aliyesimama mlangoni.

Na asingeweza kulala hata hivyo, kwa sababu Publisher yenyewe inaondoka. Microsoft imetangaza kwamba huduma yake inakwisha Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yao kwa programu hiyo. Mwenye saiba yeyote kutoka Likoni hadi Kisauni aliyejaza violezo vya Publisher ana kazi ya kufanya leo: kila kijitabu akitolee nakala ya PDF ili sura yake isipotee, na violezo anavyovitumia sana avitengeneze upya katika programu inayopatikana kwenye mifumo zaidi ya mmoja. Kukaa ulipo nako ni uamuzi, nako kuna gharama zake.

Kuhusu nakala za akiba, tuna mfano unaowahusu watu wa bandari. Makontena ya kampuni ya meli ya Maersk tunayaona kila siku. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliivamia kampuni hiyo, na ikalazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Mafundi wake walitafuta nakala nzima ya orodha kuu ya mtandao wao dunia nzima, wakaipata moja tu, katika ofisi yao ya Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale, mashine ikawa imezimwa wakati kirusi kinapita. Nakala iliyochomolewa ndiyo iliyowaokoa. Diski yako ya nje nayo, ukishamaliza kunakili, ichomoe uiweke mbali, na iandae kwa exFAT, mpangilio ambao Windows, Mac na Linux zote husoma na kuandika.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli, lakini mbachao uliotoboka hauswaliwi milele, na Windows 10 imeshatoboka. Hukumu yangu ni kwamba si aibu kubaki wala si ushujaa kuhama. Aibu ni kuamua kwa hofu ya tangazo, au kwa sifa za mtu asiyeifanya kazi yako.

Basi wewe uliye na mashine kuukuu nyumbani, usianzie dukani. Anza na daftari. Andika kila kazi unayoifanya kwa mwaka mzima, ukianza na ile inayokuletea pesa na ile yenye tarehe ya mwisho. Kwa kila kazi chukua faili moja la kweli, ulitie kwenye flashi, uende nalo kwa muuzaji, kwa rafiki au kwa mpwa anayekusifia mfumo mwingine, na umwambie alifungue, alibadilishe, alihifadhi na alichapishe mbele ya macho yako. Muulize mfumo wa mashine hiyo utahudumiwa mpaka mwaka gani, na asipojua usitoe pesa. Kisha, ukishanunua, iache ya zamani ikae kabatini mpaka mpya imalize kazi ya mwezi mzima bila kukuangusha. Ndipo uisafishe diski yake, na ndipo uiuze.